Kujilinganisha na Wengine: Maswali Ambayo Wakristo Huuliza Mara kwa Mara

Maswali haya hujitokeza kila watu wanapothubutu kusema ukweli kuhusu maumivu ya kujipima kwa maisha ya wenzao. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Anza na lile linalokugusa.

Je, kujilinganisha na mtu mwingine ni dhambi?

Si kila mara. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba mtu anapokosa kipimo kingine cha kujua uwezo wake, hujipima kwa watu, na hasa kwa wale wanaofanana naye. Ndiyo maana utajiri wa mtu maarufu usiyemjua haukusumbui, lakini habari kwamba uliyesoma naye darasa moja amepandishwa cheo inakukosesha usingizi. Kuona tofauti kati yako na mwenzako hakukufanyi mwenye hatia. Hata Paulo aliwaambia Wakorintho habari za ukarimu wa makanisa ya Makedonia ili nao wahamasike kutoa.

Dhambi inaingia pale wema aliotendewa mwenzako unapokuwa huzuni kwako. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliieleza husuda hivyo hivyo: huzuni juu ya mema ya mtu mwingine. Amri ya kumi nayo haizungumzii mkono unaoiba. Inazungumzia moyo unaotamani nyumba ya jirani, mke wake, mtumishi wake, ng'ombe wake. Mungu aliona haja ya kuweka amri juu ya kitu ambacho hakuna mahakama inayoweza kukiona.

Nitajuaje kwamba kwangu kumeshavuka mpaka?

Jichunguze unaposikia kwamba yule unayejilinganisha naye amepata pigo. Ukijikuta unapumua kwa nafuu, hata kwa sekunde chache, tayari kuna kitu kinachohitaji tiba. Dalili nyingine ni kumfuatilia mtu ili upate kasoro yake, au kumpongeza kwa mdomo kisha kuongeza "lakini" mara anapoondoka.

Iko pia dalili ya kimya zaidi, na mimi naiona ndiyo ya kawaida kuliko zote: kitu kilichokutosha asubuhi hakikutoshi jioni, na katikati hakikupungua chochote. Ulichofanya ni kuona cha mwenzako tu.

Biblia inasema nini hasa kuhusu jambo hili?

Inasema mengi, tangu Kaini aliyekunjamana uso kwa sababu sadaka ya ndugu yake ilikubaliwa. Lakini kama ningeruhusiwa kuchagua sehemu moja tu, ningechagua mwisho wa Injili ya Yohana, sura ya 21. Petro amemkana Bwana mara tatu, na sasa Yesu amemuuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kondoo zake. Kisha amemdokeza kwamba atakufa kifo cha kutesa. Ni mazungumzo mazito kuliko yote ambayo Petro amewahi kuwa nayo. Naye anafanya nini? Anageuka nyuma, anamwona mwanafunzi mwingine, ambaye kwa mapokeo ni Yohana, anauliza: "Bwana, na huyu je?"

Yesu hakumpa habari alizotaka. Alimjibu: "Ikiwa nataka huyu akae hata nijapo, imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi."

Lipo jambo ambalo wengi wetu hatulioni katika jibu hilo. Yesu hakumtuliza Petro kwa kumwambia kwamba Yohana naye atateseka. Hakumwambia kwamba yeye Petro ni muhimu zaidi. Hakusawazisha hesabu kwa namna yoyote. Alikataa kabisa maisha ya Yohana yawe kipimo cha maisha ya Petro, akamrudishia wito wake mwenyewe. Dawa ya Kikristo ya kujilinganisha ndiyo hiyo, nami naamini hakuna nyingine inayofika kwenye mzizi. Kushinda ulinganisho kungekufariji kwa muda tu. Kinachoponya ni kuacha kuhukumiwa kwa ulinganisho.

Kuna mfano wa mtu aliyeweza kweli? Mifano mingi ni ya walioshindwa.

Yupo Yonathani, na uzuri wa habari yake ni kwamba imewekwa ubavuni mwa habari ya baba yake. Soma 1 Samweli 18. Daudi amemuua Goliathi, na wanawake wanaimba kwamba Sauli amewaua elfu zake na Daudi makumi elfu yake. Sauli ni mfalme. Ana jeshi, ana kiti cha enzi, na wimbo wenyewe unamsifu. Lakini anachosikia ni tofauti tu kati ya elfu na makumi elfu, na tangu siku ile anamwangalia Daudi kwa jicho la wivu. Mwisho wake tunaujua: miaka ya kumwinda kijana aliyempigia kinubi.

Sasa mwangalie mwanawe. Yonathani alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kumchukia Daudi, kwa sababu kiti kilichokuwa kinakwenda kwa Daudi kilikuwa kiwe chake. Katika sura hiyo hiyo anavua joho lake na kumpa Daudi, pamoja na upanga, upinde na mshipi wake. Baadaye, katika sura ya 23, anamfuata Daudi nyikani na kumtia nguvu katika Mungu, akimwambia kwamba yeye Daudi atakuwa mfalme na yeye Yonathani atakuwa wa pili wake.

Nyumba ilikuwa moja na Daudi alikuwa yule yule. Tofauti ni kwamba Yonathani alikuwa ameshaamini kwamba ufalme ni wa Bwana na Bwana humpa amtakaye. Mtu anayeamini hivyo kwa dhati hanyang'anywi kitu mwenzake anapoinuliwa.

Mbona wasiomcha Mungu wanafanikiwa kunizidi mimi ninayejitahidi?

Asafu, mtunga zaburi, aliuliza swali hili kabla yako, na Mungu akaruhusu liandikwe katika Zaburi ya 73. Anakiri kwamba hatua zake zilikuwa karibu kuteleza kwa sababu aliwaonea wivu wenye kujivuna alipoona amani yao. Walikuwa na afya, mali na sauti kubwa. Yeye alikuwa na mikono safi na mateso ya kila siku, akafikia kusema kwamba amejisafisha moyo bure.

Kilichombadilisha ni kuingia katika patakatifu pa Mungu na kuutafakari mwisho wao. Lakini usiishie hapo, kwa sababu ukiishia hapo utabaki ukisubiri waovu waanguke ili ufurahi, na huo ni wivu uliovaa kanzu. Asafu anaendelea. Anagundua kwamba muda wote huo alikuwa ameshikwa mkono wa kuume. Ndipo anasema: "Ni nani niliye naye mbinguni, wala duniani sina cha kupendeza ila Wewe." Zaburi haisemi kwamba alitajirika. Alichopata ni Mungu mwenyewe, na hesabu ya nani ana nini ikakosa nguvu.

Kwa nini Mungu asingetupa sote sawa?

Sijapata jibu litakalomridhisha kila mtu aliyeumia, na sitajifanya ninalo. Lakini mfano wa talanta, Mathayo 25, ambamo bwana anawakabidhi watumishi watatu fedha zake kwa viwango tofauti, una mambo mawili yanayofaa kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni kwamba hata aliyepewa talanta moja hakupewa kidogo. Talanta moja ilikaribia dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Yule mtumishi alizika mali ambayo kibarua angeifanyia kazi karibu miaka 20. Aliyekuwa na moja hakuwa maskini.

La pili linanigusa zaidi. Aliyeleta faida ya tano na aliyeleta faida ya mbili waliambiwa maneno yale yale. Linganisha mstari wa 21 na wa 23, utaona. Bwana wao hakumwambia wa pili kwamba amejitahidi ila bado yuko nyuma ya mwenzake. Hesabu ya mmoja haikutajwa kwa mwingine.

Wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, walilalamika kwa sababu waliona waliofika saa ya kumi na moja wakilipwa dinari kamili. Dinari yao wenyewe ilikuwa ndiyo waliyokubaliana asubuhi. Hakuna aliyepunjwa. Kilichowakasirisha ni wema wa mwenye shamba kwa mtu mwingine.

Je, si afadhali niwaangalie walio na shida kuliko mimi, ili nishukuru?

Ushauri huu hutolewa sana, hata na wachungaji, na mimi naupinga. Kuwaona wenye shida kunapaswa kutuamsha tuwasaidie. Kuwatumia ili tujisikie nafuu ni jambo lingine kabisa. Yule Farisayo wa Luka 18 alisali sala ya shukrani: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Sala ina jina la Mungu na ina shukrani, lakini Yesu alisema aliyeshuka nyumbani akiwa amehesabiwa haki ni yule mtoza ushuru.

Shukrani inayosimama juu ya shida ya mwingine itaporomoka siku yeye atakapokupita. Mshukuru Mungu kwa alichokupa kwa kuwa amekupa yeye, hata kama duniani kote hakuna mwenye pungufu kuliko wewe.

Niache mitandao ya kijamii?

Wengine waache, wengine wapunguze. Ukifunga simu ukiwa na uchungu kila mara, huhitaji ufunuo wa kukuonyesha la kufanya. Kumbuka tu kwamba Sauli hakuwa na simu. Kuifuta programu kutakupa nafasi ya kupumua, lakini moyo utatafuta mtu mwingine wa kujipimia, kazini, kanisani au mezani kwenu.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Picha unayoiona imechaguliwa kati ya nyingi, na juu ya madeni, machozi na usiku wa mashaka haionyeshi chochote. Unalinganisha undani wako wote na sehemu ambayo mwenzako aliamua kuionyesha. Nawe unapoweka picha, jiulize unataka kumshirikisha nani furaha yako na unataka kumuumiza nani.

Ushuhuda wa wengine kanisani unaniumiza badala ya kunijenga. Imani yangu ina kasoro?

Huenda haina kasoro hata kidogo. Huenda umechoka kusubiri. Hana, aliyekuwa hana mtoto, alikuwa akienda nyumba ya Bwana mwaka baada ya mwaka, na huko huko mke mwenzake, Penina, alimchokoza hadi akalia na kukataa chakula. Mahali pa ibada ndipo palipomuuma zaidi. Yeye alifanya jambo ambalo hatufundishwi vya kutosha: alipeleka uchungu wake kwa Bwana ukiwa mbichi, akaumimina, hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Inafaa kutambua kwamba uso wake uliacha kuwa na huzuni kabla hajapata mimba ya Samweli.

Makanisa nayo yana sehemu ya kurekebisha. Tukiwapa kipaza sauti wale tu ambao mambo yao yamejibika, tunawafundisha wengine kwamba Mungu amewapita. Anayemshukuru Mungu kwa kuvumilia mwaka mwingine wa kusubiri naye ana ushuhuda.

Rafiki yangu amepata kile nilichoomba kwa miaka: ndoa, mtoto, kazi. Nifurahi vipi?

Warumi 12:15 inasema tufurahi pamoja nao wafurahio na kulia pamoja nao waliao. Watu wengi hudhani nusu ya pili ndiyo ngumu. Kwa kweli kumlilia aliyeumia ni rahisi, kwa sababu hatishii nafasi yetu. Kumfurahia aliyepata ulichokikosa kunahitaji neema.

Huhitaji kuiua huzuni yako ili ushiriki furaha yake. Unaweza kulia mbele za Mungu usiku na kwenda kumpongeza asubuhi bila kuwa mnafiki. Unafiki ungekuwa kumpongeza huku ukimtakia mabaya. Kama hali ni nzito mno, nenda kwa muda mfupi, mkumbatie, sema neno la kweli na uondoke. Akiwa rafiki wa kweli, siku moja unaweza hata kumwambia: "Ninakufurahia sana, na pia ninaumia kwa ajili yangu. Niombee."

Tena kumbuka Raheli na Lea, dada wawili walioolewa na Yakobo. Lea alikuwa na watoto, akatamani kupendwa na mume. Raheli alipendwa, akatamani watoto hadi akamwambia Yakobo, "Nipe wana, kama sivyo, nitakufa mimi." Kila mmoja aliishi akitazama sahani ya mwenzake, na hakuna aliyeshiba. Lea alipozaa wana watatu wa kwanza, maneno yake yalihusu kuonekana na kupendwa na mumewe. Alipomzaa wa nne alisema, "Mara hii nitamsifu Bwana," akamwita Yuda. Vita yake na dada yake haikuisha siku ile, sura inayofuata inaonyesha wazi. Lakini ni katika ukoo wa Yuda huyo Yesu alizaliwa.

Kuridhika si jina zuri la uvivu?

Paulo aliwaandikia Wafilipi "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo" akiwa amefungwa, na ndiye yule yule aliyesema katika barua hiyo kwamba anakaza mwendo. Hakuna anayeweza kumwita Paulo mvivu. Soma pia neno "nimejifunza": hakuzaliwa hivyo.

Wivu wenyewe ndio mara nyingi huzaa uvivu. Mtu aliyechoshwa na kuwatazama wengine husema "mimi siwezi" na kuzika talanta yake.

Nikimwombea ninayemwonea wivu najiona mnafiki. Niendelee?

Endelea. Mtaje kwa jina, uombe apate zaidi ya alichonacho, tena katika eneo lile lile linalokuuma: kama ni biashara, ombea biashara, kama ni karama ya kuhubiri, omba ahubiri vizuri zaidi Jumapili ijayo. Mwanzoni maneno yatakwama kooni. Yesu alituagiza kuwaombea hata adui, naye hakuweka sharti kwamba kwanza tujisikie kuwapenda.

Wazazi wangu walinilinganisha na ndugu zangu tangu utotoni. Sauti ile haijaondoka.

Pole sana. Jeraha hili lina mizizi, nawe hukujitakia. Biblia haiwafichi wazazi wa namna hiyo. Isaka alimpenda Esau, Rebeka akampenda Yakobo, na nyumba ikapasuka. Yakobo, aliyeumizwa na upendeleo, akaurudia kwa kumpa Yusufu kanzu ya pekee, na ndugu zake wakamuuza.

Kusamehe wazazi hakuna maana ya kusema walichofanya kilikuwa sawa. Ni kuacha kuwadai kile ambacho huenda hawatakupa kamwe, na kukipokea kwa Baba wa mbinguni. Na kama wewe sasa ni mzazi, usimwambie mtoto "mbona mwenzako anaweza". Mwambie alivyokuwa mwezi uliopita na alivyo sasa, ukimpima kwa hatua zake mwenyewe, kama Wagalatia 6:4 inavyotaka kila mtu aipime kazi yake mwenyewe.

Basi dawa si kujipenda na kujithamini zaidi?

Kujichukia si unyenyekevu, na Zaburi 139 inatupa ruhusa ya kushukuru kwa jinsi tulivyoumbwa. Lakini ukijaribu kujiambia kila asubuhi kwamba wewe ni bora, bado unatumia mizani ile ile, ila sasa umejiweka upande wa juu. Paulo aliishuka mizani yenyewe. Aliwaandikia Wakorintho kwamba si kitu kabisa kwake kuhukumiwa nao, kisha akaongeza kwamba hata yeye mwenyewe hajihukumu nafsi yake; amwamuaye ni Bwana.

Naye Yesu alipobatizwa, sauti ilitoka mbinguni ikisema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Mathayo anaiweka sauti hiyo kabla Yesu hajahubiri mahubiri yoyote wala kumponya mgonjwa yeyote. Aliye ndani ya Kristo hupendwa kwa namna hiyo, kabla ya matokeo.

Wivu ukinijia ghafla, nifanye nini dakika ile?

Uite kwa jina lake mbele za Mungu: "Bwana, ninamwonea wivu fulani kwa sababu ya jambo hili." Usiupambe. Kisha jiulize kilicho chini yake, kwa kuwa mara nyingi kuna hamu halali, kama vile hamu ya kuwa na mwenzi au ya kuheshimiwa. Ipeleke hamu hiyo kwenye maombi. Halafu rudi kwenye jukumu lililo mbele yako siku hiyo, hata kama ni dogo. Wivu ukirudi kesho, usidhani maombi ya jana yalikuwa bure.

Mimi ndiye ninayeonewa wivu. Nifanyeje?

Usijidunishe ili wengine wajisikie vizuri, wala usijionyeshe. Paulo aliuliza: "Nawe una nini usichokipokea?" Shiriki ulichonacho, waambie watu pia habari za mapambano yako pale inapofaa, na mwenye kukudhuru jiepushe naye, kama Daudi alivyomkimbia Sauli bila kumlipiza.

Lini nitafute msaada wa mtu mwingine?

Mapema kuliko unavyofikiri. Yakobo 5:16 inatuagiza kuungamiana na kuombeana, na wivu hupoteza nguvu nyingi siku unapomwambia mtu mmoja mkomavu, mwenye kutunza siri. Lakini kama kujilinganisha kumekuletea huzuni isiyoondoka kwa wiki kadhaa, umepoteza usingizi, hamu ya kula au hamu ya kufanya kazi, mwone daktari au mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, pamoja na mchungaji wako. Kwenda kwao si kukosa imani. Na ukipata mawazo kwamba afadhali usiwepo, usisubiri ibada ya Jumapili: mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii, na mwende pamoja hospitalini.